Mtoma wa Nyuma ya Jiko

Koku mwanangu,

Umeenda Nyabiyonza kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako hutarudi kabla jua halijashuka. Mdogo wako Kemi nimemtuma kwa jirani kurudisha ungo, naye akifika kule atasahau kilichompeleka. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimekaa kizingitini pa jiko na daftari lake la hesabu. Karatasi za katikati nimezichomoa mimi, nawe ukiongea naye kwenye simu umwambie hivyo, asije akamsingizia mwenzake shuleni.

Ya sabuni, ya shuka, ya kutokula ovyo njiani, nimeshayasema mpaka ukaniambia mama inatosha. Sirudii. Barua hii naiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako dogo, na kesho ukishapita Nyakanazi nitakupigia nikuambie uifungue. Nimetaka uwe mbali kidogo kwa sababu nakujua. Ungekuwa hapa ungenikata kauli kwenye mstari wa pili.

Ni habari ya mtoma, ule mti wetu mkubwa wa nyuma ya jiko.

Yule mkata miti wa Kimuli uliyekubaliana naye aje Jumamosi na msumeno wake wa mashine, hatakuja. Nimempigia leo asubuhi nikamwambia asije. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Najua ulimtafuta kwa kuwa unaondoka. Uliniambia mwenyewe kwamba huko Songea hutapata usingizi ukijua mama, babu na Kemi wanalala chini ya mti uliooza.

Mti haujaoza, Koku. Haujawahi kuoza. Aliyesema umeoza ni mimi, na nilikuwa nadanganya.

Nimeandika hayo nikainuka kwenda kunywa maji. Sasa naweza kuendelea.

Ulikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Ulirudi na kitabu cha shule chenye picha ya nyumba ya mbao iliyojengwa juu ya mti, watoto wawili wamekaa mlangoni wakining'iniza miguu. Nilikuwa namenya matoke. Ukaniwekea kitabu juu ya maganda ukasema, "Mama, sisi mti tunao. Tumekosa nyumba tu." Nilicheka. Sisi mtoto tulimpandisha kwenye jukwaa shambani ili afukuze ndege wa mtama, na hiyo ilikuwa kazi, tena kazi ya kuchosha. Kumjengea mtoto pa kukaa juu bila sababu lilikuwa jambo geni kwangu. Lakini uliniambukiza. Siku mbili nzima kila nilipotoka jikoni nilijikuta naangalia juu, napima kwa macho pale matawi yanapogawanyika.

Nilimpigia baba yako Bukoba, kule kwenye ghala la kahawa anakofanya kazi mpaka leo. Akasema, "Muone na mzee," kama kawaida yake, maana baba yako akiwa mbali kila jambo la nyumbani ni la mzee, na akiwa nyumbani kila jambo ni langu. Nikamwita Fundi Deo aliyetuezekea nyumba. Alipanda, akagongagonga shina na nyundo, akashuka akipangusa mikono. "Mama Koku, mti huu utatuzika sote." Nikamuuliza habari ya lile kovu kubwa shinani, lile gumu lenye mabonde. Akasema ni la zamani za lubugo, enzi wazee walipokuwa wakibandua gome la mtoma na kulipondaponda mpaka likawa nguo. Gome huota tena, kovu hubaki. Nilikuwa nimeshaamua, mwanangu. Tulikuwa tunajenga.

Jioni nilimpakulia babu yako chakula na kumweleza. Alikula kwanza, kisha akasema, "Mtoto wa kike juu ya mti. Hapa kwetu haikuwa hivyo." Akaomba maji ya kunawa.

Wewe umekua ukimjua babu kama babu. Kwangu alikuwa baba mkwe. Nilikuwa na miaka kumi katika nyumba hii, Mlutheri wa Muleba niliyeolewa kwenye ukoo wa Wakatoliki, kibanja hiki, nyumba na shamba, ni chake, migomba ni yake, na kila siku niliamka kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Nilipika, nililima, nilisalimia nikipiga magoti mpaka magoti yakaota sugu, huku nikisubiri mtu aniambie nimefaulu. Sentensi ile ilitosha kunipoza. Sikumuuliza anakataza au anakumbuka tu. Nilisema, "Ndiyo, baba," nikaondoa sahani.

Asubuhi ulikuja na misumari miwili yenye kutu uliyoiokota barabarani. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia kwamba namwogopa babu yako. Sikutaka pia umchukie. Hivyo nilikushika mkono nikakupeleka mpaka kwenye lile kovu. Nikasema, "Unaona hapa? Fundi amesema ndani umeliwa wote, umebaki unga. Siku yoyote utaanguka." Hukulia. Uliangalia kovu, ukaangalia juu, halafu ukaangalia nyumba ya babu iliyo upande ule mti unakoinamia. Ningekuwa na akili siku hiyo ningeona macho yako yalikoelekea. Mimi nilijipongeza. Nilijiona mama hodari, nimemaliza shauri bila kumuudhi mtu.

Juma lile mvua zilianza kwa upepo. Siku ya tatu baada ya mvua nilikuita uje uchambue maharage, ukawa huitiki. Nikakuita tena. Sauti yako ikatoka juu.

Unakumbuka hii sehemu, lakini unaikumbuka kama mtoto aliyefanya utundu, kwa sababu ndivyo nilivyoisimulia kwa watu miaka yote. Hebu nikusimulie nilichokiona. Ulikuwa juu kabisa, kupita pale Fundi Deo alipofikia, umekumbatia tawi. Kwenye tawi hilo ulikuwa umefunga kamba ndefu ya migomba uliyoisokota mwenyewe, na ncha nyingine ya kamba ile ilikuwa imefungwa chini kwenye shina la mbuni. Ulikuwa umeona tunavyoufunga mgomba wenye mkungu mzito kwa mwenzake ili usianguke. Ukaenda kuufunga mtoma mzima, ukubwa wote ule, kwenye mti wa kahawa unaofika begani kwangu. Ili usimwangukie babu.

Kisha ukashindwa kushuka.

Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Nilivua ndala, nikapitisha kitenge katikati ya miguu nikakifunga kiunoni, nikapanda. Nilikanyaga kwenye lile kovu. Lilikuwa gumu kama jiwe, nalo lilinibeba vizuri kabisa, na kila nilipoinua mguu nilisikia aibu yangu chini ya unyayo. Nilikuwa sijapanda mti tangu utoto, na nilikuwa na uzito wa mama wa nyumba anayekula vizuri. Nilifika nikakushika, nikakaa kwenye panda ya tawi nikipumua.

Hapo kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi.

Miaka kumi nilikuwa nimeishi chini ya majani. Ndani ya kibanja unaona shina, unaona jani, unaona mgongo wa mtu aliye mbele yako njiani. Kule juu niliona mahali ninapoishi. Niliona bati zetu, moshi wa jiko langu mwenyewe, njia nyekundu inayokwenda Mabira na bodaboda moja ikipanda taratibu, vilima vya upande wa Rwanda vimepangana mpaka vinafifia. Nilijiona nina makao. Wewe uliniegemea kifuani ukauliza, "Mama, mti ukianguka sasa hivi tutaanguka wote?"

Ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Ningesema, "Koku, hauanguki, nilikudanganya," na mambo yangeishia pale. Nilisema, "Hautaanguka leo." Nawe ukajibu, "Kwa sababu nimeufunga."

Halafu babu yako akatoka nyumbani kwake. Akatuona. Mkwe wake yuko juu ya kichwa chake, kitenge kimekunjwa hadi mapajani. Alisimama, akavua kofia, akageuka akatupa mgongo. Akabaki amesimama hivyo hivyo, anaangalia ua. Mgongo ule, Koku, umekaa kichwani kwangu miaka kumi na minne. Nilijua nimefeli.

Nilikushusha tawi kwa tawi. Ulipokanyaga chini nilikata kijiti nikakuchapa. Sitaki kusema nilikuchapa kwa hofu, ingawa hofu ilikuwepo. Nilikuchapa kwa nguvu na kwa sauti ili babu yako asikie kwamba nakulea. Ulikuwa umetoka kumwokoa yeye. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe, na ndilo nililokuwa nataka kukuomba msamaha juma zima hili, nikawa nafungua kinywa natoa habari za sabuni. Nisamehe, mwanangu. Sikukukosea kidogo.

Baada ya hapo uliacha kupita chini ya mtoma. Uliteka maji kwa kuzunguka zizi lote, ndoo kichwani, asubuhi na jioni. Nilikuwa nakuona kutoka dirishani. Kila mwaka nilisema akikua kidogo nitamwambia, na kila ulivyokua uongo nao ukawa mkubwa zaidi, unazidi kuwa mgumu kuutoa. Ulipofika sekondari nilidhani umesahau. Kumbe hukusahau, ulizoea tu kuzunguka.

Sasa njoo Jumapili iliyopita. Kemi alikuwa anakusumbua jikoni, unampaka mafuta kichwani. Akasema, "Dada, kabla hujaondoka mwambie mama anijengee kibanda kwenye mtoma." Ana miaka saba, na hajawahi kuona kile kitabu chako. Wazo lilimjia mwenyewe. Nawe ukamgeuza uso kwa kidevu ukamwambia, kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, ule umeoza ndani. Umeliwa wote, umebaki unga." Maneno yangu, neno kwa neno, na sauti yangu. Uliyasema kwa upendo. Halafu nikamwona Kemi anaangalia nyumba ya babu.

Niliacha kupepeta mchele. Niliwaza, basi huyu naye ataanza kuzunguka zizi.

Kesho yake ukaniambia umeshampata mkata miti.

Mwanzoni nilitaka kukuacha ukate. Nakuambia kweli. Mti ukishakatwa hakuna atakayeuliza. Lakini angeukata, Koku, na shina lingelala pale uani jeupe, zima, halina tundu hata la sindano. Wewe ungekuwa Songea, na Kemi ndiye angesimama akiangalia. Leo nilipompigia yule bwana aliuliza, "Sasa nani alisema umeoza?" Nikamjibu, "Mimi." Mtu nisiyemjua hata sura. Nilikata simu nikacheka peke yangu jikoni, nikaona kumbe neno lenyewe ni fupi hivi.

Nikapiga moyo konde nikaenda kwa babu yako.

Alikuwa barazani anachambua kahawa, unajua siku hizi anachambua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikamwekea uji. Nikasema, "Baba, kuna jambo nilikosea zamani. Ule mtoma nilisema umeoza. Haukuoza."

Akaendelea kuchambua. "Najua."

"Unajua nini, baba?"

"Lile kovu aliliacha baba yangu. Yeye anabandua gome, mimi namshikia majani ya mgomba ya kulifungia shina lisikauke. Nilikuwa mdogo kuliko Kemi. Niambiwe mimi kwamba limeoza?"

Nilikaa chini kabisa, si kwa heshima. Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote hii.

"Waitu, mama. Mkwe wangu amemwambia mtoto wake mti umeoza. Niseme mbele ya mtoto kwamba mama yako ni mwongo? Nilidhani umeogopa ataanguka, nikasema ana haki, ni mtoto wake. Nikanyamaza."

"Lakini wewe ndiye ulisema mtoto wa kike hapandi."

"Nilisema haikuwa hivyo. Haikuwa. Wala redio haikuwepo."

Nikaona niulize yote. Nikamwambia, "Na ile siku ulinipa mgongo."

Hapo aliacha kahawa. Akaniangalia kama anamwangalia mtu mwenye homa. "Ulikuwa juu ya mti, mama, na kitenge kimefika wapi sijui. Ulitaka niangalie?" Halafu akaongeza, polepole, "Nilisimama pale ili kama mtu anakuja njiani nimzuie asifike. Nikasikia mtoto anachapwa, nikataka kugeuka nikuzuie. Nikawa sijui kama umeshashuka. Nikaogopa kugeuka."

Tulicheka, Koku. Mimi na babu yako tulicheka mpaka uji ukapoa, yeye anafuta machozi kwa kofia. Watu wawili wazima tumeheshimiana miaka kumi na minne mpaka tukakuzungusha zizi na ndoo ya maji kichwani. Kisha akatulia akasema, "Yule mtoto alichapwa bure." Nikasema ndiyo. Akasema, "Mwambie na mimi nilikuwepo." Nimekuambia.

Tangu hapo nimekuwa mwepesi, sijui nikueleze vipi. Nimefagia uwanja wote bila kuhisi mgongo. Nimepita chini ya mtoma mara nne bila sababu.

Kuhusu Kemi, nimeamua tunajenga. Babu amekubali kabla sijamaliza sentensi, na baba yako amesema nimuone mzee. Fundi Deo nilikwenda kumwona mchana huu, maana uongo wangu niliupa jina lake, na haikuwa haki. Alikunja uso, akasema kumbe ndiyo maana ulikuwa humwitikii vizuri barabarani. Anakuja Jumatatu. Haitakuwa nyumba kama ya kitabuni. Itakuwa sakafu ya mbao pale chini kwenye panda ya kwanza, ukingo pande zote unaomfika Kemi kifuani, ngazi iliyokazwa kwa misumari, na bati moja juu. Babu anataka iwekwe na kigoda. Hatujamuuliza cha nani.

Na bado naogopa. Usidhani kwa kuwa mti ni mzima basi hofu yangu ilikuwa ya uongo yote. Mtoto anaweza kuanguka kutoka kwenye mti mzima kabisa. Nitamwambia Kemi hivyo hivyo, kwamba mama anaogopa, na kwamba akipanda mvua imenyesha nitamshusha kwa masikio. Naona hilo atalielewa. Wewe pia ungelielewa ukiwa na miaka tisa, na hilo ndilo nililoshindwa kulijua. Nilikuona mdogo mno kubeba hofu yangu, nikakubebesha mti mzima.

Unakwenda kuwa mwalimu. Watoto arobaini watakuangalia usoni kila asubuhi na kuamini utakachosema, wengine watakwenda kukifanyia kazi bila kukuaga. Sina la kukufundisha juu ya hesabu. Ila ikitokea siku umewakatalia jambo kwa sababu unamwogopa mkuu wa shule, au wazazi, au umechoka tu, waambie umechoka. Watanung'unika watapita. Mimi ningetoa vingi ungeninung'unikia ile asubuhi yenye misumari miwili.

Pengine sasa, hapo ulipo kwenye kiti cha basi, unajiuliza ni mangapi mengine nilikudanganya. Ni haki yako. Niulize lolote, nitajibu, hata kama jibu halinipambi. Nakuomba tu nawe usiwe na tabia yetu ya kupiga simu kutoka mbali na kusema wazima, wazima, hata mtu akiwa kitandani na malaria. Ukiumwa sema. Ukilia sema.

Nami naanza. Jana jioni ulipokuwa unafunga begi uliniuliza kama nitakuwa mpweke, nikakujibu nina kazi nyingi, nitapata wapi muda wa upweke. Si kweli. Nitakuwa mpweke sana. Nenda hivyo hivyo.

Mama yako